Kuiondoa Moment.js, au: Saa Tatu Ni Saa Ngapi?

Leo nataka kuzungumzia kazi ambayo hakuna mteja anayeiona na hakuna anayekushukuru kwa kuifanya: kutoa kitu kwenye programu badala ya kuongeza. Tumezoea kusifu vipya. Kitufe kipya, ukurasa mpya, rangi mpya. Lakini zipo siku ambapo kazi bora ya mwandishi wa programu ni kufuta.

Kwa wasioandika programu, nianze na maelezo mafupi. Siku hizi karibu hakuna programu inayoandikwa yote na mtu mmoja kuanzia mstari wa kwanza. Ukitaka kuchora ramani, kutuma barua pepe au kuhesabu tarehe, unachukua msimbo ambao mtu mwingine ameshauandika na kuugawa bure, unaupachika kwenye wako, unasonga mbele. Msimbo huo wa kuchukuliwa tunauita maktaba. Programu yako ikishauegemea kiasi kwamba bila huo haiwaki, umekuwa tegemeo la nje. Programu ya kawaida ya wavuti inaweza kuwa na mamia ya mategemeo ya namna hiyo, kwa sababu kila maktaba nayo ina maktaba zake inazozitegemea.

Wahenga wetu waligombana kuhusu jambo hili zamani, kabla ya kompyuta. Mmoja alisema kidole kimoja hakivunji chawa. Mwingine akasema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Wote wawili walikuwa sahihi, na kazi yangu mimi na wewe ni kujua lini tumsikilize nani.

Yule wa pili ana ushahidi mwingi. Mnamo Machi 2016, mwandishi mmoja aligombana na npm, ile ghala kubwa ya maktaba za JavaScript, kuhusu jina la kifurushi chake. Akaondoa vifurushi vyake vyote. Kimojawapo kiliitwa left-pad, msimbo wa mistari 11 tu, kazi yake kuongeza nafasi upande wa kushoto wa maneno. Miradi mikubwa duniani, ikiwemo React na Babel, ilishindwa kujengwa mpaka npm walipokirudisha saa chache baadaye. Mistari 11! Kisha Juni 2024 likaja la polyfill.io. Huo ulikuwa msimbo uliopakiwa moja kwa moja na tovuti zaidi ya 100,000 kutoka kwenye anwani moja. Anwani ilipata mwenyeji mpya mwaka huohuo, na msimbo ukaanza kuwapeleka baadhi ya wasomaji wa simu kwenye kurasa za kamari. Wenye tovuti hawakugusa chochote. Walikuwa wameacha mlango wazi kwa mtu waliyemwamini, na nyumba ikauzwa.

Lakini visa hivyo ni vya kuvunjika, na leo sitaki kuzungumzia kuvunjika. Nataka kuzungumzia tegemeo linalofanya kazi vizuri kabisa, kila siku, na bado halikufai.

Hapa Kahawa Wendani kuna kliniki moja ndogo ya mama na mtoto. Sitaitaja jina. Wana mfumo mdogo wa kompyuta ulioandikwa na kijana mmoja ambaye baadaye alipata kazi mbali. Mfumo unahifadhi majina ya watoto na tarehe zao za chanjo, na siku moja kabla ya zamu ya mtoto unamtumia mama ujumbe wa SMS. Rahisi na wa maana.

Mimi niliitwa kwa sababu nyingine kabisa. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za intaneti za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa pwani ya Afrika Kusini, na mtandao wa Afrika Mashariki ukawa wa kujikokota. Jumatatu asubuhi ukurasa wa mapokezi wa kliniki ukagoma kufunguka. Kioo cheupe, basi. Seva yao ilikuwa palepale ndani ya ofisi, chini ya meza, inawaka taa ya kijani. Kilichokosekana ni faili moja ya msimbo iliyokuwa ikipakiwa kutoka seva ya ng'ambo kila ukurasa ulipofunguliwa. Faili hiyo ni Moment.js, maktaba maarufu ya kuhesabu na kuandika tarehe, iliyoanza mwaka 2011 na kutumiwa na watu wengi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Dawa ya haraka ilichukua dakika 10: pakua faili, iweke kwenye seva ya ndani, badilisha anwani. Nikawa nafunga mkoba wangu. Ndipo muuguzi wa zamu, mama wa makamo ambaye sote tunamwita sista, akasema, "Kijana wangu, kwa vile umekuja, hii mashine inaongea saa za Kizungu kwa Kiswahili. Kila jioni nawapigia akina mama simu kuwasahihishia. Kwa krediti yangu."

Nikaomba kuona ujumbe. Ulisomeka hivi: "Chanjo ya mtoto ni kesho saa 08:00 AM."

Msomaji, soma tena hapo. Kesho saa nane. Saa nane kwetu ni mchana, baada ya chakula. Zile herufi AM zipo, ni kweli, lakini mtu aliyesoma neno "saa" katika sentensi ya Kiswahili ameshaanza kuhesabu kwa Kiswahili, na herufi mbili za mwisho hazimrudishi nyuma. Mama aliyeandikiwa "saa 02:00 PM" alifika saa mbili asubuhi na mtoto mgongoni, akakaa kwenye benchi mpaka mchana. Huyo alipoteza siku. Aliyeandikiwa "saa 08:00 AM" akafika saa nane mchana alipoteza zaidi, na hapa inabidi niwaeleze jambo nililojifunza kwa sista siku hiyo.

Hapa Kenya mtoto hupewa chanjo ya surua na rubela akiwa na miezi 9, na tena akiwa na miezi 18. Chanjo hiyo huja ikiwa unga ndani ya chupa ndogo, kwa kawaida ya dozi 10, na huchanganywa na maji yake maalumu kabla ya kudungwa. Ikishachanganywa, itumike ndani ya saa 6. Zikipita, kilichobaki hutupwa, hata kama ni dozi 7. Kwa hiyo muuguzi mwenye busara hafungui chupa kwa mtoto mmoja mmoja. Anawakusanya watoto wakati mmoja, anafungua, anawadunga wote. Chupa ikifunguliwa saa mbili asubuhi, mwisho wake ni saa nane mchana.

Sasa linganisha. Tofauti kati ya saa za Kizungu na za Kiswahili ni saa 6. Uhai wa chupa iliyofunguliwa ni saa 6. Mama anayekosea kusoma ujumbe anafika dakika ileile ambayo dawa inamwagwa. Anaambiwa arudi wiki ijayo, na wengine hawarudi haraka: ana kibanda cha mboga, ana bosi, ana nauli ya kutafuta. Nikafungua mkoba tena, nikatoa kompyuta.

Kwanza tuelewane kuhusu saa yenyewe. Sisi tunaanza kuhesabu mchana jua linapochomoza, na usiku jua linapozama. Saa moja asubuhi ni saa ya kwanza ya mchana kupita. Hili si jambo la mzaha wala la kizamani, ni hesabu inayofuata mahali tulipo. Karibu na ikweta jua halibadiliki sana: Nairobi huchomoza kati ya saa kumi na mbili na robo hivi na saa moja kasorobo, mwaka mzima. Huko London hesabu hiyo isingewezekana, maana majira ya baridi jua huchomoza saa mbili na majira ya joto kabla ya saa kumi na moja. Wala si Waswahili peke yetu. Wakikuyu wanaosema thaa, Waganda wanaosema ssaawa, na Waethiopia pia, wote huhesabu hivi. Mama wa Wendani anayesoma ujumbe wetu anaweza kuwa na lugha tatu kichwani, na mbili kati ya hizo zinakubaliana kwamba saa nane ni mchana.

Je, Moment.js ina kosa? Hapana, na hili nataka nilisisitize. Maktaba hiyo ina faili ya Kiswahili iliyoandikwa kwa kujitolea, na nawashukuru walioiandika. Inajua Jumatatu na Jumanne, inajua Mei na Juni. Ukiiomba tarehe ya leo kwa mtindo wa mazungumzo inaandika "leo saa" kisha inaweka tarakimu. Lakini mfumo mzima wa maktaba umejengwa juu ya wazo kwamba lugha hubadilisha maneno tu, huku tarakimu za saa zikibaki zilezile dunia nzima. Kuna sehemu ya kuandika AM na PM kwa lugha yako. Hakuna sehemu ya kusema, "kwetu hii namba siyo 8, ni 2." Waliobuni hawakuwa na sababu ya kuliwazia. Unapochukua maktaba unachukua msimbo pamoja na mazoea ya aliyeuandika.

Ningeweza kuwapelekea marekebisho. Nililifikiria. Lakini mnamo Septemba 2020 walezi wa Moment.js walitangaza kwamba hawataongeza mapya tena: wataziba nyufa za usalama, basi, na wakawashauri watu wachague vingine katika miradi mipya. (Neno lao walilitimiza. Mwaka 2022 zilipatikana nyufa mbili, zote wakaziziba.) Isitoshe, ukibadilisha maana ya saa ndani ya faili inayotumiwa na wengine, unaweza kumharibia mtu wa Arusha aliyekwisha kuandika msimbo wake wa kuzunguka tatizo hilohilo. Kwa hiyo nikaamua kuiondoa.

Sasa kazi yenyewe. Naiandika kwa hatua, kwa ajili ya wale mnaotaka kujaribu.

Hatua ya kwanza ni kuhesabu. Usifute chochote kabla ya kujua unakitumia wapi. Nilitafuta kila mahali maktaba ilipoitwa kwenye msimbo wa kliniki, nikapata mara 37. Inatisha. Lakini nilipozipanga kwa aina, kazi zilikuwa 5 tu: kusoma tarehe iliyoandikwa na mapokezi, kuongeza wiki au miezi, kulinganisha tarehe mbili, kuandika tarehe kwa maneno, na kuandika saa. Hiyo ndiyo habari njema ya kazi za namna hii. Tunabeba gunia zima kumbe tunakula vikombe vitano. Gunia lenyewe, pamoja na lugha zake zote, lilikuwa kama KB 290 kabla ya kubanwa, na juu yake palikuwa na nyongeza ya saa za maeneo ya dunia, inayojua kwamba kabla ya mwaka 1942 saa ya Kenya ilikuwa mbele ya Greenwich kwa saa 2 na dakika 45. Elimu nzuri sana. Lakini hakuna mtoto wa chanjo aliyezaliwa kabla ya 1942, na tangu hapo tumekaa kwenye saa 3 bila kusogeza mishale.

Hatua ya pili ni majaribio. Kabla ya kubadilisha mstari hata mmoja, niliandika majaribio yanayouliza mfumo wa zamani maswali na kuandika majibu yake. Mtoto aliyezaliwa tarehe fulani, wiki 6 ni lini? Wiki 10? Wiki 14? Miezi 9? Majibu yale ndiyo mkataba. Msimbo mpya ukitoa jibu tofauti, nataka kujua kwa nini.

Hatua ya tatu ni kuangalia kile ulicho nacho tayari. JavaScript ya siku hizi siyo ile ya 2011. Ndani yake kuna Intl, sehemu inayojua kuandika tarehe kwa lugha nyingi, na Kiswahili kimo. Kivinjari kinacho, na Node inacho kikamilifu tangu toleo la 13 la mwaka 2019. Ukiiomba tarehe ya "sw-KE" inakuandikia Jumanne, 14 Mei 2024, bila kupakua chochote. Kazi ya nne ikaisha. (Saa, hata Intl huziandika kwa Kizungu, kwa hiyo ile ya tano nilijua ni yangu mwenyewe.)

Hatua ya nne ni mitego, na hapa ndipo unapojifunza heshima. Chukua mtoto aliyezaliwa tarehe 31 Mei 2023. Ongeza miezi 9. Unapata tarehe 31 Februari 2024, siku ambayo haipo. JavaScript yenyewe, ukiiachia, inasogea mbele kimyakimya mpaka tarehe 2 Machi. Moment.js ilikuwa inarudi kwenye siku ya mwisho ya Februari, yaani tarehe 29. Majaribio yangu yakapiga kelele hapo. Nikamuuliza sista ipi anaitaka, akasema ya Februari, mwisho wa mwezi, ndivyo wanavyoandika kwenye kitabu cha kliniki. Basi nikaandika kanuni hiyo. Angalia: maktaba ilikuwa inajua jambo ambalo hakuna aliyejua kwamba inalijua. Ungeifuta kwa pupa, watoto wa tarehe 31 wangehamishwa bila mtu kuambiwa.

Mtego wa pili ni wa tarehe zilizoandikwa kama 2024-05-14. JavaScript huisoma tarehe kama hiyo kuwa usiku wa manane wa Greenwich, ambao kwetu ni saa tisa usiku wa siku hiyohiyo, kwa hiyo tarehe inabaki sahihi na hutagundua kitu. Mwenzako akiufungua mfumo akiwa Marekani, siku inarudi nyuma kwa moja. Nilitenganisha mwaka, mwezi na siku mwenyewe, nikaacha kumwachia kivinjari abahatishe.

Hatua ya tano ndiyo iliyotuleta hapa: saa. Kiini chake chote ni hiki:

function saaYaKiswahili(saa) {
  return ((saa + 5) % 12) + 1;
}

Mpe 8 anakupa 2. Mpe 14 anakupa 8. Mpe 6 anakupa 12, na mpe 0, yaani usiku wa manane, anakupa 6. Mstari mmoja. Nyongeza zake ni ndogo: orodha ya maneno kutoka moja hadi kumi na mbili, dakika 15 ziwe "na robo", 30 ziwe "na nusu", na 45 ziwe "kasorobo" ya saa inayofuata. (Hiyo ya mwisho msiisahau! Saa 8:45 ya Kizungu ni saa tatu kasorobo, siyo saa mbili kasorobo.) Kisha asubuhi, mchana na jioni, ambazo mipaka yake nilimuuliza sista badala ya kuikisia.

Uamuzi mmoja ulitokana na akina mama wenyewe. Toleo langu la kwanza lilikuwa na "saa 2 asubuhi". Tuliwaonyesha watatu waliokuwa kwenye benchi. Wawili wakasema saa mbili. Wa tatu, binti wa chuo, akasita, akauliza kama 2 hiyo ni ya Kizungu, kwa sababu simu yake inaonyesha tarakimu za Kizungu siku nzima. Tarakimu ina wenyewe wawili. Neno lina mwenyewe mmoja: hakuna Mswahili anayesoma "saa mbili" akafikiria saa nane. Kwa hiyo saa tukaiandika kwa herufi, na ya Kizungu ikafuata kwenye mabano kwa anayeihitaji. Ujumbe wa sasa ni huu: "Chanjo ya mtoto ni Jumanne 14 Mei, saa mbili asubuhi (8:00 AM). Leta kitabu cha kliniki." Herufi zake hazifiki 160, maana yake unaenda kwa SMS moja na bei haikupanda.

Faili mpya ina mistari 94. Imechukua nafasi ya zile KB 290 na jedwali la dunia. Ukurasa wa mapokezi haumwombi mtu yeyote wa ng'ambo ruhusa ya kufunguka. Na sista ameacha kupiga simu za jioni.

Kuondoa tegemeo la nje si jambo geni Kenya, wala si la programu ndogo tu. Wengi hawajui kwamba M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007, lakini mpaka Aprili 2015 seva zake zilikuwa Ujerumani. Ulikuwa ukimlipa mwenye duka aliyesimama mbele yako hapa Thika Road, na hesabu ya pesa hiyo inakwenda Ulaya na kurudi kabla simu yake haijalia. Ilifanya kazi, na iliifanya nchi nzima izoee pesa za simu. Lakini kilichokuwa huduma ndogo mwaka 2007 kilikuwa mshipa wa uchumi kufikia 2015, na mshipa huwezi kuuweka bara jingine, mwisho wa waya mrefu. Safaricom wakazihamishia Kenya. Nasisitiza tarehe hizo kwa sababu zina funzo. Kukaa Ujerumani halikuwa jambo baya, na kuhamia nyumbani halikuwa jambo la kiburi. Tegemeo lilifaa wakati wake, kisha uzito wa kilichoegemezwa ukazidi.

Sasa nisije nikaeleweka vibaya, mkaenda kufuta kila kitu. Mfumo wa kliniki bado una mategemeo 14 na sina mpango wa kuyagusa mengi. Hifadhidata siandiki mimi. Usimbaji wa siri siandiki mimi, na ukimwona kijana anaandika wa kwake kwa ajili ya data za wagonjwa, mnyang'anye kompyuta. SMS lazima zipite kwa kampuni ya kutuma SMS. Kliniki ikitaka kupokea malipo ya M-Pesa, tutapitia Daraja, mlango wa waprogramu uliofunguliwa mwaka 2017, kwa sababu mlango kama huo hatuwezi kujijengea wenyewe. Hapo kidole kimoja hakivunji chawa, na anayebisha ana muda mwingi wa kupoteza.

Kipimo changu sasa ni maswali matatu. La kwanza: natumia sehemu gani ya hiki kitu? Ikiwa ni vikombe vitano vya gunia, kuna la kuzungumza. La pili: kikinyamaza kesho asubuhi, nani atakaa kwenye benchi? Mimi, au mtu ambaye hajawahi kusikia jina lake? La tatu, ambalo sikulipata chuoni na ndilo zito kuliko yote: ujuzi uliomo ndani yake ni wa nani? Usimbaji ni ujuzi wa wanahisabati, na wanaujua kuliko mimi, kwa hiyo nawaachia. Kalenda ya miaka mirefu na saa za dunia ni ujuzi wa watu waliotumia maisha yao kuzikusanya, nawaachia pia ninapozihitaji. Lakini jinsi mama wa Wendani anavyosema saa mbili ni ujuzi wetu. Hakuna mtu wa mbali atakayetuandikia vizuri kuliko sisi, na tukiuazima kutoka nje tutarudishiwa lugha yetu ikiwa imevaa saa ya mtu mwingine.

Kuna gharama, na sitaificha. Mistari ile 94 sasa ina mlezi mmoja. Maktaba kubwa ina maelfu ya macho. Ya kwangu ina mawili, na siku moja nitahama kama alivyohama aliyenitangulia. Kwa hiyo ndani ya mradi nimeacha faili ya maelezo, kwa Kiswahili, inayosema tumefuta nini, kwa nini, na kwa nini tarehe 31 Mei imeandikiwa jaribio lake peke yake. Majaribio yako 63 na yanakwisha kabla hujamaliza kupiga chafya. Atakayekuja ana pa kuanzia.

Kama wewe ni mwandishi wa programu, usiku wa leo fungua ile orodha ya mategemeo ya mradi wako. Chagua moja, moja tu. Hesabu linaitwa mara ngapi, kwa kazi za aina ngapi. Huenda ukaliacha palepale, na hilo ni jibu zuri, maana sasa utakuwa umeliacha kwa kulijua. Na kama huandiki programu lakini una mashine inayokuletea ujumbe wenye saa isiyoeleweka, mwambie mwenye mashine. Sista alikaa kimya miezi mingi akidhani kompyuta ndivyo zilivyo. Sivyo zilivyo. Ni vile zilivyoandikwa, na kilichoandikwa hufutika.

Kwa leo niishie hapa. Saa hizi ni saa nne na nusu usiku, na sina haja ya kuwaambia ni ngapi kwa Kizungu.